Sura ya Nne: Anachunga, Anachota Maji, Mazoezi ya Nini Tena?

Kikao cha wazazi kikifika kwenye ajenda ya michezo, hakosekani mzazi wa kunyoosha mkono. Swali lake ni lile lile, awe Mbozi, Momba au wilaya nyingine yoyote: "Mwalimu, mwanangu anaamka gizani, anachota maji, anatembea kwa miguu hadi shule, akirudi anakwenda kwa ng'ombe. Leo mnataka akimbie tena, ili iweje?"

Wenzake huguna kumuunga mkono, na mwalimu mara nyingi hukosa jibu la kueleweka. Husema "michezo ni afya", kikao kinaendelea na ajenda ya michango.

Sura hii inamjibu mzazi huyo, na tumuweke Ivuna, mahali ambapo swali lake lina uzito wote. Ivuna iko wilaya ya Momba, mkoani Songwe, chini kwenye bonde la Ziwa Rukwa, ambako jua halina mzaha na kazi za shamba na mifugo hazimsubiri mtoto akue. Wanasayansi wa anga wanaijua Ivuna kwa kimondo kilichoanguka huko tarehe 16 Desemba 1938. Watafiti wa mambo ya kale wanaijua kwa chumvi: uchimbaji wao wa mwaka 1966 ulionyesha kwamba watu walikuwa wakichemsha maji ya chumvi ya chemchemi za hapo tangu karne ya 13 hivi. Kuchemsha chumvi ni kazi ya kuni, moshi na mgongo. Watu wa sehemu kama hii hawana la kujifunza kwa mgeni kuhusu kazi ngumu, na ndiyo maana "michezo ni afya" haiwatoshi.

Ustahimilivu ni nini hasa

Katika kitabu hiki ustahimilivu ni uwezo wa mtoto kupatwa na jambo zito, akayumba, kisha akarudi katika hali yake na kuendelea. Kuyumba kumo ndani yake. Mtoto aliyefiwa na mama analia, anakosa usingizi, anashuka darasani. Tunachotazama ni kama baada ya muda anaanza kurudi.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea kusoma watoto. Yule asiyelia anapochapwa, anayefanya kazi kimya tangu asubuhi hadi usiku, tunamsifu kwamba amekomaa. Huenda kweli amekomaa. Huenda pia amejizima, na mtoto aliyejizima hana fujo, kwa hiyo hakuna anayemuuliza kitu. Mtazame baadaye: je, anacheza? Anauliza maswali? Akikosea hesabu anafuta na kujaribu upya, au anafunga daftari? Majibu ya maswali hayo yanasema mengi kuliko ukimya wake.

Ustahimilivu hauzaliwi umekamilika ndani ya watoto fulani wenye bahati. Unajengwa kwa mazoea, na njia mojawapo ya kuujenga ni mwili. Nasema mojawapo kwa makusudi, maana kuna watu wanaouza michezo kama dawa ya kila kitu.

Ndoo haitoshi, ingawa mzazi yuko sahihi nusu

Tumpe mzazi haki yake kwanza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kwa siku za shughuli za kumtoa jasho, na angalau siku 3 kwa wiki afanye mambo ya kuimarisha misuli na mifupa. Mtoto anayekwenda shule kwa miguu, anayebeba maji na kukimbizana na ndama, anaweza kuzivuka dakika hizo kabla ya jua kuzama. Kwa kipimo cha mapafu na misuli, mzazi ameshinda. Mtoto wa Tunduma mjini, anayeishi chumba cha kupanga kando ya barabara yenye foleni ya malori ya kwenda Zambia, ndiye anayekosa hata hizo: nje hakuna uwanja, ndani hakuna nafasi, na mama anaogopa magari kwa sababu nzuri kabisa.

Sasa nusu ya pili. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20. Mtoto wa darasa la nne ana kilo 30 hivi. Anabeba theluthi mbili ya uzito wake, na ndoo haimuulizi kama jana alikuwa na homa. Ikimwagika, anarudi mwanzo, pengine na kofi juu. Ng'ombe wakiingia kwenye mpunga wa jirani, baba yake anadaiwa fidia. Kazini kosa ni ghali. Mtoto anajifunza kutokosea, ambalo ni somo zuri, lakini hajifunzi kukosea na kurudi, kwa sababu hakuna anayemruhusu.

Mazoezi yaliyopangwa vizuri yana mambo ambayo kazi za nyumbani huwa nazo kwa nadra:

- Ugumu unaolingana na mtoto. Anaruka urefu anaoukaribia, si ule wa kaka yake.
- Kosa la bei nafuu. Ukianguka kwenye kamba, umepoteza zamu moja tu.
- Mapumziko yanayojulikana. Kuna kipenga cha kuanza na kipenga cha kuacha.
- Maendeleo anayoyaona mwenyewe. Wiki iliyopita aliruka mara kumi bila kukosa, leo kumi na nne.

Nisiwe mkali mno kwa uchungaji. Wavulana wanaochunga pamoja hushindana kuruka mifereji, hupigana mieleka, hulenga shabaha kwa mawe. Mbugani kuna shule ya michezo isiyo na mwalimu, na wengi wamefaidika nayo. Lakini dada zao hawako mbugani. Wako kisimani au jikoni, mdogo wao mgongoni, na hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayogeuka kuwa mchezo.

Kwa kifupi: kazi humpa mtoto nguvu na wajibu. Mazoezi humpa mahali pa kushindwa bila kuumia sana, kisha kujaribu tena.

Moyo unaodunda na moyo unaotulia

Ndani ya mwili kuna mtambo wa tahadhari. Mtoto akiona nyoka njiani, tezi ndogo zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moja ya homoni, yaani kemikali ambazo damu husafirisha kupeleka ujumbe kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine. Moyo unadunda, pumzi zinafupika, viganja vinalowa. Nyuma yake inafuata homoni nyingine, kortisoli, inayofanya kazi taratibu zaidi: inaongeza sukari kwenye damu ili kuwe na nguvu ya kukimbia au kupambana. Hatari ikipita, homoni zote mbili zinashuka.

Mwili hauna mtambo mwingine kwa ajili ya mtihani wa darasa la saba. Mwalimu wa hesabu akikutaja jina, moyo unadunda kama wa aliyeona nyoka. Mtoto ambaye mdundo huo anaujua kama ishara ya hatari tu, ataogopa swali, kisha ataogopa woga wake mwenyewe, na kichwa kitafungwa. Aliyezoea mbio anaujua mdundo huo kwa sura nyingine. Ameupata mara nyingi akiwa anacheka, na anajua kwa uzoefu wa mwili wake kwamba ukikaa kidogo unaondoka.

Jambo hili linaweza kuonyeshwa darasani bila kifaa chochote isipokuwa saa. Wafundishe wanafunzi kutafuta mapigo ya moyo kwa vidole viwili, kifundoni chini ya kidole gumba au kando ya koo. Wahesabu kwa sekunde 15, wazidishe kwa 4, waandike. Kisha wakimbie kuzunguka uwanja, warudi, wahesabu tena: namba imepanda sana, na kelele za mshangao zitasikika hadi ofisi ya mwalimu mkuu. Sasa wakae kivulini, wavute pumzi taratibu, na baada ya dakika 3 wahesabu mara ya tatu. Namba imeshuka. Haijafika ilipoanzia, lakini imeshuka, na hakuna aliyeishusha kwa kuiamuru. Rudieni zoezi hilo kila baada ya wiki mbili kwa muhula mzima. Watoto wengi wataona moyo wao unarudi haraka kuliko mwanzo. Hesabu za kuzidisha zimefanyika, na mtoto ameona kwa maandishi yake mwenyewe kwamba mwili wake hupanda na kushuka.

Kushuka huko ndiko kunakozoezwa. Misuli nayo hufuata mwendo huo: zoezi huichosha na kuiumiza kidogo kidogo, na ni usingizi na chakula vinavyoijenga upya ikawa imara zaidi. Ukiondoa mapumziko, unabaki na mtoto aliyechoka. Mfinyanzi anajua kwamba chungu kikiingizwa motoni kabla ya kukauka hupasuka, na moto haukuwa na kosa.

Tafiti nyingi za nchi mbalimbali zimeona kwamba watoto wanaoshiriki michezo huwa na dalili chache zaidi za wasiwasi na huzuni. Nashauri tuzipokee kwa tahadhari. Huenda kwa sehemu fulani mambo yako kinyume: mtoto mwenye raha ndiye anayejiunga na timu, na mwenye huzuni anabaki pembeni. Faida ipo, ila ni ya wastani, na haiondoi njaa, kipigo wala unyanyasaji nyumbani. Anayempeleka uwanjani mtoto ambaye hajala tangu jana usiku, akitarajia kumjenga, anamuongezea mzigo.

Tunavyomsimulia vibaya John Stephen Akhwari

Ukimtaka Mtanzania atoe mfano wa ustahimilivu katika michezo, atakutajia Akhwari, na hakosei. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, Akhwari aligongana na wenzake, akaanguka na kuumia vibaya goti. Alifungwa bandeji akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda kwa saa 2 na dakika 20 hivi. Akhwari aliingia uwanjani giza likishuka, kwa saa 3 na dakika 25, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Wakimbiaji 75 walikuwa wameanza.

Walimu huisimulia hadithi hii ili watoto wasilalamike maumivu. Hapo mimi naachana nao. Akhwari alikuwa mtu mzima, mwanariadha wa taifa aliyejiandaa kwa miaka, aliyechagua mwenyewe katika siku moja ya pekee. Mtoto wa miaka 11 mwenye goti lililovimba anatakiwa kutolewa uwanjani, akae, aangaliwe. Mifupa yake bado inakua, na jeraha la leo linaweza kumfuata maisha yote.

Sehemu ya hadithi ambayo watoto wangepaswa kuisikia ni ile isiyosimuliwa. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola jijini Edinburgh, Akhwari alikimbia marathoni tena na kumaliza wa 5. Kati ya Mexico na Edinburgh kulikuwa na goti la kuuguza, mazoezi ya kuanza upya, asubuhi nyingi ambazo hakukuwa na kamera. Kumaliza mbio ukiwa na goti bovu ni ushujaa wa saa chache. Kupona, kurudi kwenye umbali ule ule na kukimbia vizuri zaidi kulichukua miaka miwili, na kwa maana tuliyoipa hapo juu, ustahimilivu uko huko.

Juma Ikangaa, mkimbiaji mwingine wa marathoni wa Tanzania, anatoa mfano wa namna hiyo. Alikuwa wa pili katika Boston Marathon mwaka 1988, kwa sekunde moja tu nyuma ya Ibrahim Hussein wa Kenya. Mwaka 1989 akawa wa pili tena. Novemba ya mwaka huo huo akaenda New York akashinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, rekodi ya njia ile kwa wakati huo. Aprili 1990 akarudi Boston, akawa wa pili mara ya tatu. Mtoto anayeshika nafasi ya pili darasani na kulia atamwelewa Ikangaa kuliko atakavyoelewa hotuba yoyote. Na Alphonce Simbu, aliyeipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha, Tokyo, Septemba 2025, alipata shaba katika mashindano hayo hayo London mwaka 2017. Kati ya medali hizo mbili kuna miaka minane.

Shule ambayo tayari ipo uani

Hakuna haja ya kuagiza programu kutoka ng'ambo. Tazama rede. Wasichana wawili wanasimama pande mbili na mpira wa soksi, wa tatu yuko katikati akikwepa. Akipigwa ametoka, mwenzake anaingia. Ndani ya robo saa kila mmoja ametoka mara kadhaa na kurudi mara kadhaa. Hakuna anayeaibika kwa kutoka, kwa kuwa kutoka ni sehemu ya mchezo. Pia kuna kugombana: "Imenigusa!" "Haijakugusa!" Wanaumaliza ugomvi wenyewe bila mtu mzima, la sivyo mchezo unakufa na wote wanakosa. Kombolela, kuruka kamba na chandimu ya mpira wa makaratasi vina masomo ya aina hiyo hiyo.

Mchakamchaka nao unastahili heshima kuliko tunavyoupa. Wataalamu wa mazoezi wana kipimo chepesi cha kujua mtu anajituma kiasi gani: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko katika kiwango cha wastani, ukishindwa kutamka zaidi ya maneno machache bila kuvuta pumzi, uko juu. Sasa mchakamchaka ni mbio za kuimba. Kiongozi anatoa, kundi linapokea, na katika nafasi kati ya kutoa na kupokea mapafu yanapata zamu yao. Hauwezi kukimbizwa kwa kasi ya kuua, maana wimbo utakatika kabla ya watoto kukatika. Walioubuni hawakuhitaji saa za kupima mapigo. Kilichouharibu, katika shule nyingi, ni fimbo iliyosimama getini kumngoja anayechelewa.

Mtu mzima aliye kando ya uwanja

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwenye kampuni moja ya meli ya Uingereza, Lawrence Holt, alisumbuliwa na jambo moja: meli zilipozamishwa, ilionekana kwamba mabaharia vijana wenye nguvu walikufa kwenye maboti ya kuokolea watu kabla ya wazee. Misuli walikuwa nayo. Waliyokosa ni mazoea ya kukabili shida na kutoka upande wa pili. Mwaka 1941 Holt na mwalimu Kurt Hahn walifungua shule ya mafunzo mafupi huko Aberdovey, Wales, iliyoitwa Outward Bound, ya kuwapitisha vijana kwenye bahari na milima chini ya uangalizi. Wazo hilo lilifika kwetu mapema: katika miaka ya 1950 shule ya namna hiyo ilifunguliwa Loitokitok, upande wa Kenya wa Mlima Kilimanjaro, na vijana wa Afrika Mashariki wakapandishwa mlima kutoka huko.

"Chini ya uangalizi" ndiyo nguzo ya habari hiyo. Kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia kwa miongo kadhaa watoto karibu 700, wote waliozaliwa mwaka 1955. Baadhi yao walikulia katika umaskini, ulevi wa wazazi, magonjwa ya akili nyumbani. Karibu theluthi moja ya hao waliolemewa zaidi walikua wakawa watu wazima wenye kujiweza na kujali wengine. Jambo lililojirudia katika maisha yao ni kuwepo kwa angalau mtu mzima mmoja aliyewajali bila kuyumba, na mara nyingi hakuwa mzazi. Alikuwa bibi, jirani, mwalimu.

Mwalimu wa michezo ana nafasi ya pekee ya kuwa mtu huyo. Darasani anaona kichwa cha mtoto. Uwanjani anaona anavyoanguka, anavyokasirika, anayemwonea na anayemsaidia kuinuka. Akimwambia, "Juzi ulikata tamaa mzunguko wa pili, leo umemaliza mitatu," mtoto anajua kwamba kuna mtu aliyekuwa anamtazama juzi.

Namna ya kuyaharibu mazoezi

Kuna shule ambazo mwanafunzi aliyechelewa anarushwa kichura, aliyepiga kelele anapigishwa pushapu, aliyesahau daftari anakimbizwa uwanja mzima huku wenzake wakicheka. Ukitaka mtoto achukie mwili wake, hiyo ndiyo njia fupi. Baada ya miaka michache ya hayo, mwambie "tufanye mazoezi" na utaona mabega yakishuka. Zoezi lililotumika kama adhabu haliwezi kesho yake kuwa mahali pa usalama pa kujaribu.

La pili ni kuwaachia manahodha wawili wachague timu mmoja mmoja mbele ya wote. Mtoto anayebaki wa mwisho ni yule yule kila wiki, na kila wiki anafundishwa kwamba hatakiwi. Gawa timu kwa namba, kwa mwezi wa kuzaliwa, kwa chochote. Mwenye ulemavu asipewe kazi ya kushika nguo za wenzake: mwenye mguu mmoja dhaifu anaweza kurusha, kulenga shabaha, kuwa kipa, kuongoza wimbo wa mchakamchaka.

Wasichana wanaoacha

Ukitazama uwanja wa shule ya msingi, darasa la tatu utawaona wasichana na wavulana kwa idadi inayokaribiana. Rudi ukatazame darasa la saba. Wasichana wengi wamekaa pembeni. Sababu zake hazina fumbo: sketi inayopeperuka, maneno ya watazamaji, hedhi isiyo na pedi wala chumba cha kubadilishia, na saa ya jioni ambayo nyumbani inahesabiwa kuwa ya kwao jikoni. Ikangaa, baada ya kustaafu mbio, amekuwa mmoja wa wanaopigania jambo hili. Mashindano ya riadha ya wanawake ya Ladies First, yanayoungwa mkono na shirika la Japani la JICA, yalianza Dar es Salaam Novemba 2017.

Kijijini hatua za kuchukua ni ndogo kuliko hizo. Michezo iwekwe ndani ya ratiba ya shule, kabla ya kengele ya mwisho, ili isigombane na jiko. Kaptula chini ya sketi iruhusiwe bila mjadala. Mwalimu wa kike au mama wa kijiji awepo. Msichana akisema leo hawezi, asiulizwe sababu mbele ya wavulana. Netiboli tayari ina heshima vijijini, ianzie hapo.

Wiki moja kwa shule isiyo na vifaa

Ratiba ifuatayo inahitaji uwanja, kamba, mpira wa soksi na mwalimu mmoja mwenye saa. Kila kipindi kiwe cha dakika 30 hadi 40, na kianze kwa dakika 5 za kupasha mwili.

- Jumatatu asubuhi: mchakamchaka wa kuimba, kisha kupima mapigo ya moyo.
- Jumatano: kamba, kuruka chini, kurusha. Kila mtoto aandike namba yake na kushindana na ya wiki iliyopita.
- Ijumaa: rede, chandimu, netiboli au mbio za kupokezana vijiti. Timu zibadilishwe kila wiki.

Kwa bonde la Rukwa kuna masharti ambayo shule ya nyanda za juu za Mbozi inaweza kuyachukulia kwa wepesi, na ya Ivuna haiwezi. Mbio ziwe asubuhi na mapema. Saa 8 mchana si wakati wa kukimbiza mtoto juani. Maji ya kunywa yawepo kabla ya kipenga cha kwanza. Mtoto aliyetoka kuugua malaria apewe siku za kurejea polepole, maana damu yake huenda bado ni pungufu. Mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi unaobadilisha umbo la chembe nyekundu za damu, asikimbizwe hadi kuchoka kabisa, anywe maji mara kwa mara na apumzike anapotaka mwenyewe. Mwenye pumu akae karibu na dawa yake. Siku ambayo hakuna uji shuleni, fanyeni michezo ya kulenga shabaha na kunyoosha viungo, mbio zingoje.

Kisha kuna msimu wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi inayoanzia shuleni, ikapanda kata, wilaya, mkoa hadi taifa. Napenda msisimko wake, na wazazi waliosoma mwanzoni mwa miaka ya 2000, michezo hiyo iliposimamishwa kwa miaka kadhaa, wanajua ilivyokuwa kuikosa. Lakini ni mashindano ya kuchuja. Katika shule yenye mamia ya watoto, wachache watavaa jezi ya kata, na wachache zaidi watapanda gari kwenda wilayani. Mara nyingi mpira pekee wa shule huondoka na timu kwenda kambini, na pamoja nao mwalimu wa michezo. Waliobaki, ambao kwa maana ya sura hii ndio wanaohitaji zaidi, hukaa wiki nzima bila kipindi.

Mwalimu mkuu anayetaka faida iliyoelezwa hapa aamue mapema mambo mawili: mpira wa soksi wa akiba unabaki kwa nani, na nani anasimamia Jumatatu, Jumatano na Ijumaa wakati timu iko kambini. Wanafunzi wa darasa la saba waliochujwa kwenye kata wanaweza kuongoza madarasa ya chini, mwalimu wa zamu akiwa anaonekana. Mara nyingi wanaifanya kazi hiyo vizuri, hasa siku mbili tatu baada ya kuchujwa, hasira ikishapoa.